Karatasi Nne Nilizomwandikia Diwani

Simu iliita usiku, mnamo saa tatu, nikiwa nimeinamia rundo la mitihani. Aliyepiga alinisalimu, "Shikamoo mwalimu," kwa sauti niliyoifahamu bila kumkumbuka mwenyewe. Alipojitambulisha nikamkumbuka. Alikuwa mwanafunzi wangu miaka kumi na kitu iliyopita, mmoja wa wale wanaokaa safu ya nyuma lakini huuliza maswali yanayomkosesha mhadhiri usingizi. Sasa alikuwa ameapishwa kuwa diwani wa kata ninayoishi hapa Dar es Salaam, baada ya uchaguzi wa mwaka 2020. Aliomba jambo moja tu. "Mwalimu, nataka uniandikie vipaumbele vya kata. Nimekwishavichagua vitatu: biashara ndogo, michezo, na ubia na makampuni. Wewe nitilie maneno."

Nilimtilia maneno. Kwa siku mbili nilikaa nikaandika karatasi nne, nikazipanga kwa vichwa vya habari na vifungu, nikazisoma kwa sauti na kuridhika nazo. Makala haya yanahusu karatasi zile nne. Sitaitaja kata, wala diwani, wala kampuni iliyokuja baadaye. Si kwa woga. Yaliyotokea kwetu hutokea katika kata nyingi, na mwenye kutafuta jina la mtu wa kulaumu hukosa kuliona jambo lenyewe. Isitoshe, jina la kwanza katika orodha ya walaumiwa lingepaswa kuwa langu.

Tuanze na diwani mwenyewe, kwa maana tumezoea kumdai bila kumjua. Jina hili ni la kale. Katika miji ya Mrima, Bagamoyo ikiwamo, diwani alikuwa mtawala wa mji: mwenye kiti, mwenye heshima, mwenye kupokea ushuru na kuamua mashauri. Diwani wa leo amerithi jina, hakurithi hazina. Anapiga kura katika baraza la madiwani, anaongoza Kamati ya Maendeleo ya Kata, anasimama msibani na harusini kwa niaba ya serikali. Lakini mkurugenzi wa halmashauri, mwenye kusimamia watendaji na kuidhinisha malipo, huteuliwa na Rais. Diwani akiahidi mtaro, mtaro huo unategemea saini ya mtu ambaye wapiga kura wa kata hawakumchagua.

Historia nayo haikumhurumia. Mwaka 1972, chini ya sera ya madaraka mikoani, serikali za mitaa zilivunjwa. Miji ikadorora, taka zikalundikana, na mwaka 1978 mabaraza ya miji yakarejeshwa. Mwaka 1982 Bunge likatunga sheria ambazo, pamoja na marekebisho mengi, ndizo zinazoziendesha serikali za mitaa hadi leo. Katiba nayo, katika ibara ya 145 na ya 146, inazitambua na kueleza kuwa lengo lake ni kupeleka madaraka kwa wananchi. Hayo yote ni mema. Lakini madaraka bila fedha ni jembe bila mpini. Kodi ya majengo, ambayo kwingi duniani ndiyo uti wa mgongo wa mapato ya miji, ilihamishiwa Mamlaka ya Mapato mwaka 2016, na tangu mwaka 2021 sisi wenye nyumba tunaikatwa tunaponunua umeme wa LUKU. Diwani huingia ofisini akiwa na ahadi tele na mfuko mtupu. Hapo ndipo macho yake yanapoanza kuwatafuta wale wanaoitwa siku hizi "wadau".

Nilipokuwa nikiandika karatasi zile nilijua haya yote. Ninayafundisha. Ndiyo maana nasema kosa langu halikuwa la ujinga.

Karatasi ya kwanza ilihusu biashara ndogo. Niliandika juu ya kurasimisha, juu ya maeneo maalumu, juu ya mikopo. Maneno haya yana historia ambayo mfanyabiashara wa mtaani anaijua kwa mwili wake kuliko mimi ninavyoijua kwa vitabu. Mwisho wa mwaka 2018 alipewa kitambulisho kwa shilingi 20,000 na kuambiwa kuwa hakuna atakayemgusa. Mwaka 2021 aliambiwa ahame barabarani aende eneo lililopangwa. Jijini mwetu pia kuna funzo la saruji ambalo kila afisa mipango angepaswa kupelekwa kulitazama: Machinga Complex ya Ilala. Jengo lile la ghorofa lilijengwa kwa fedha za mkopo kwa nia njema kabisa, kisha kwa miaka likakaa na vizimba vingi vitupu, ilhali hatua chache tu kutoka hapo, soko la Karume limefurika watu. Hapakuwa na fumbo lolote. Mteja wa machinga ni mpita njia, na mpita njia hapandi ghorofa ya nne kununua soksi. Biashara ndogo hufuata miguu ya watu. Ukiihamishia mahali ambapo miguu haipiti, umeiua, hata kama umeijengea kasri.

Nilikuwa na mfano hai karibu na nyumbani. Pembeni mwa kiwanja cha mpira cha kata yetu kulikuwa na akina mama lishe saba. Mmoja wao, mtu mzima kuliko mimi, alikuwa amekaa pale kwa miaka kumi na tisa. Asubuhi aliuza chai na maandazi kwa bodaboda, mchana wali na maharage kwa mafundi, na jioni, timu zilipokuwa zikicheza, alikaanga mihogo na kuuza maji ya baridi. Alisomesha watoto watatu kwa moshi ule. Nilipoandika kwamba "michezo ni kichocheo cha uchumi wa kata", nilikuwa nikimwandika yeye bila kumtaja. Na kwa kuwa sikumtaja, karatasi haikumwona.

Kuhusu mikopo, niliandika kwa uhakika mkubwa. Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa, kwa marekebisho ya mwaka 2018, inazitaka halmashauri zitenge asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa ajili ya mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Ni moja ya sheria bora tulizonazo. Mama yule na wenzake waliunda kikundi, wakaandika katiba, wakafungua akaunti, wakapanga foleni. Kisha mwaka 2023, baada ya ripoti ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu kufichua vikundi hewa na madeni yasiyolipika, serikali ikasitisha mikopo ile nchi nzima hadi utaratibu mpya utengenezwe. Ilirejea mwaka 2024. Wapo waliosema kuwa usitishaji ulikuwa wa lazima, nami sibishani nao. Nasema tu kwamba kikundi hewa hakikuumia, kwa sababu hewa haina tumbo. Aliyeumia ni yule aliyekuwa kwenye foleni na fomu zake mkononi.

Karatasi ya pili ilihusu michezo, na hapo kalamu yangu ilikimbia, kwa maana kiwanja kile nakijua. Nimehamia kata hii nikiwa kijana, na miaka ya mwanzo, kabla ya kitambi na shahada, nilicheza pale kila Jumamosi. Kilikuwa kiwanja cha mchanga, chenye mteremko upande wa kaskazini, kiasi kwamba timu iliyocheza kipindi cha pili kuelekea bondeni ilihesabiwa kuwa na mtu wa kumi na mbili. Pale palichezwa ndondo, palifanyika mikutano ya siasa, palisaliwa Idi, palipigwa ngoma za kuwatoa wari. Jioni watoto walicheza chandimu mpaka mwenye mpira aitwe na mama yake. Hapakuwa na lango. Hakuna aliyeuliza wewe ni nani.

Kila diwani hupenda michezo, kwa sababu michezo humpenda diwani. Jezi zina nafasi ya jina lake, kombe lina nafasi ya picha yake. Lakini tumekuwa wepesi wa kuchanganya mambo mawili: timu na kiwanja. Halmashauri zetu zimewahi kufanya maajabu kwa upande wa timu. Mbeya City, iliyoanzishwa na Halmashauri ya Jiji la Mbeya, ilipanda Ligi Kuu mwaka 2013, na katika msimu wake wa kwanza ikamaliza nafasi ya tatu, juu ya Simba, na mji mzima ukatembea kifua mbele. Kinondoni ina KMC. Geita Gold, timu iliyolelewa na halmashauri katika mji wa mgodi, ilipanda Ligi Kuu na katika msimu wa 2021/22 ikamtoa mfungaji bora, George Mpole. Haya ni ya kujivunia. Ila Mbeya City baadaye ilishuka daraja, na Geita ikashuka, kwa kuwa timu hupanda na kushuka, ndiyo tabia yake. Kiwanja hakishuki daraja. Kiwanja kikiondoka, kimeondoka.

Na Watanzania tuna somo refu kuhusu viwanja vinavyoondoka. Viwanja vikubwa vya mikoani, kama Kirumba Mwanza, Sokoine Mbeya na Jamhuri Morogoro, ni vya enzi ya chama kimoja, na wazee wetu wanasimulia michango na nguvu zao zilizoingia katika viwanja vya namna hiyo. Mfumo wa vyama vingi uliporejea mwaka 1992, viwanja vile vilibaki mikononi mwa chama. Hoja yangu si ya kichama. Ni ya kisheria na ya kimaadili pia: mali ya wote isipoandikwa kuwa ni ya wote, siku moja mtu ataamka na hati. Niliwafundisha hivyo wanafunzi wangu, na diwani wangu alikuwa mmojawapo. Wala yeye wala mimi hatukuuliza kiwanja cha kata yetu kimeandikwa wapi na kwa jina la nani.

Karatasi ya tatu na ya nne zilihusu ubia na makampuni. Nilizipenda kuliko zote. Niliandika kuwa sekta binafsi "inahitaji mazingira wezeshi", kwamba "uwajibikaji wa makampuni kwa jamii ni fursa isiyotumika ipasavyo", kwamba kiwanja kinaweza "kuboreshwa kwa mfumo wa ubia". Maneno haya hayana kosa la sarufi. Yana kosa moja tu: hayasemi nani atapata nini, na nani atatoka.

Mwaka 2022 kampuni ikaja. Ilikuwa na adabu, ilikuwa na michoro ya rangi, na meneja wake alizinukuu karatasi zangu kwenye kikao kana kwamba ni maandiko matakatifu. Kampuni ingeweka nyasi bandia, taa na uzio, halmashauri ingetoa ardhi, mapato yangegawanywa, na kibao chenye nembo kingesimama langoni. Tulialikwa uzinduzini. Nilipewa kipaza sauti kama "msomi wa kata", nikazungumza dakika nane, watu wakapiga makofi. Picha ninayo hadi leo. Diwani yuko kushoto, meneja katikati, mimi kulia, wote tumeshika utepe mmoja.

Wiki mbili baadaye nilipita pale jioni nikitoka kazini. Taa zilikuwa zinawaka kama mchana. Ndani walikuwa wakicheza wanaume wenye umri wa kukaribiana na wangu, wenye viatu vizuri, magari yao yameegeshwa pale palipokuwa na goli la upande wa kaskazini. Saa moja ilikuwa shilingi 60,000. Nje, watoto kama kumi na watano walikuwa wameshika uzio kwa vidole, wanatazama. Mmoja wao alikuwa na mpira wa makaratasi chini ya kwapa. Hakuna aliyewafukuza. Hakuna aliyehitaji kuwafukuza.

Mama lishe yule nilimkuta ng'ambo ya barabara, kwenye kona isiyopitwa na watu, na sufuria moja badala ya nne. Mkataba ulikuwa umeweka sharti kwamba vyakula na vinywaji ndani na kandokando ya uwanja viuzwe na mtu aliyeidhinishwa na kampuni. Mgambo walikuja asubuhi moja, wakawa wapole, wakawapa siku tatu.

"Shikamoo mama," nikasema.

"Marahaba mwanangu. Karibu. Leo sina wali, nina chai tu."

Nikakaa, akanimiminia chai. Tukazungumza juu ya mvua. Kisha akaniuliza, bila ukali wowote, kama mtu anayeulizia bei: "Mwanangu, wanasema ile karatasi iliyoleta uzio umeiandika wewe. Ni kweli?"

Nilitaka kumweleza tofauti kati ya pendekezo la sera na mkataba wa utekelezaji. Nilitaka kumwambia kwamba sikuandika neno "uzio" popote. Yote mawili yalikuwa kweli, na yote mawili hayakuwa jibu. Nikasema, "Ndiyo mama, niliiandika mimi." Akatikisa kichwa polepole. "Basi," akasema, "ungetuuliza."

Ndugu msomaji, nimehudhuria semina nyingi za ushirikishwaji wa wananchi. Sijasikia ndani yake hoja iliyo fupi na kamili kuliko hiyo.

Nilikwenda kwa diwani nikiwa na hasira, ambayo kwa sehemu kubwa ilikuwa hasira dhidi yangu mwenyewe niliyotaka kuitua begani kwa mwingine. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akatoa daftari lake na kunionesha. Kulikuwa na shule yenye upungufu wa matundu ya choo. Kulikuwa na daraja la miguu lililobebwa na mafuriko. Kulikuwa na barua nne kwa halmashauri zisizojibiwa. "Mwalimu," akasema, "wewe ulinifundisha kwamba halmashauri haina fedha. Kampuni ilikuja na fedha. Nikatae? Nikisimama kwenye mkutano nitawaambia wananchi nini, kwamba nimelinda mchanga?"

Hakuwa mwizi. Natamani angekuwa mwizi, kwa maana makala haya yangekuwa mepesi kuyaandika. Alikuwa kijana mwaminifu aliyeamini kwamba kitu kisicho na uzio hakina thamani, kwa sababu mimi na wenzangu tulimfundisha kupima maendeleo kwa vitu vinavyoweza kuzinduliwa. Kiwanja cha mchanga hakizinduliwi. Jiko la mama lishe halikatiwi utepe.

Hata hivyo, jibu lake lilikuwa na tundu, na hapo ndipo nataka wanafunzi na maafisa wa halmashauri wanaosoma ukurasa huu wanisikilize kwa makini. Si kweli kwamba makampuni hukutana na halmashauri kwa njia ya fadhila tu. Ipo njia ya haki. Wakati ule sheria ilizitaka kampuni zilipe ushuru wa huduma wa asilimia 0.3 ya mauzo yao kwa halmashauri. Tufanye hesabu ndogo. Kwa kiwango hicho, kampuni yenye mauzo ya shilingi bilioni 10 kwa mwaka ilidaiwa shilingi milioni 30. Fedha hiyo haihitaji kibao, haihitaji utepe, haihitaji mhadhiri wa kuhutubia. Haiji na sharti la nani auze mihogo. Diwani ana haki ya kusimama katika baraza na kuuliza: kampuni zinazofanya biashara ndani ya eneo letu ni ngapi, zimelipa kiasi gani, zipi hazijalipa, na kwa nini? Kampuni inayochangia jezi huku ikidaiwa ushuru inatununua kwa fedha yetu wenyewe.

Tazama pia mfano wa madini. Marekebisho ya sheria ya mwaka 2017 yalizitaka kampuni za madini ziandae kila mwaka mpango wa uwajibikaji kwa jamii kwa kukubaliana na serikali ya mtaa husika. Utekelezaji una mikwaruzo yake, na kila mwenye kufuatilia ripoti za ukaguzi anajua hilo. Lakini msingi wake ni sahihi: jamii hukaa mezani kabla ya fedha kutoka, wala haisubiri kupokea zawadi. Kwa nini mantiki hii iishie mgodini? Kwa nini kiwanja cha Dar es Salaam kisistahili kile kinachostahili shimo la dhahabu? Tuna hata sheria ya ubia kati ya sekta ya umma na sekta binafsi tangu mwaka 2010. Hatuna upungufu wa sheria. Tuna upungufu wa watu wanaosoma mkataba kwa sauti mbele ya wale utakaowagusa.

Nilirudi kwenye Kamati ya Maendeleo ya Kata, safari hii bila karatasi. Niliomba mkataba usomwe. Afisa mtendaji alisema uko kwa mwanasheria wa halmashauri. Tuliomba kwa barua. Diwani, na ninamsifu kwa hili, alilipeleka suala hilo kwenye baraza mara mbili, na mara ya pili akazomewa na wenzake waliokuwa na miradi kama ule katika kata zao. Ilichukua miezi kumi na moja. Mwishowe mkataba ukasomwa katika mkutano wa mtaa, chini ya mwembe, kifungu kwa kifungu, na kijana wa kidato cha sita akatafsiri Kiingereza chake kwa Kiswahili. Nilimtazama meneja wa kampuni alipokuwa akisikiliza. Nadhani hata yeye alikuwa hajawahi kuusikia kwa lugha ya watu.

Tulipata tulichopata. Siku tatu kwa juma, kuanzia saa kumi hadi saa kumi na mbili jioni, kiwanja ni cha watoto wa kata bila malipo. Akina mama wanne kati ya saba walirudishiwa nafasi karibu na lango. Mama yule hakuwa miongoni mwa wanne. Alisema magoti yake yamechoka na binti yake amempatia banda la kuuza mkaa nyumbani. Sala ya Idi haijarudi pale, kwa maelezo kwamba nyasi bandia hazihimili. Magari bado yanaegeshwa palipokuwa na goli la kaskazini. Siuiti ushindi. Nauita kipande kilichookolewa na watu waliochelewa kufika.

Yamkini utaniuliza kama sasa napinga ubia. Sipingi. Nyasi zile ni nzuri, na watoto wanaocheza juu yake hawachubuki magoti kama tulivyochubuka sisi. Mji usio na fedha utahitaji wenye fedha. Ninachopinga ni mpangilio wa vipaumbele vile vitatu kama nilivyouandika: biashara katika karatasi yake, michezo katika karatasi yake, ubia katika karatasi zake, kana kwamba si kiwanja kimoja, si jioni moja, si mama mmoja. Katika maisha ya kata, mpira ndio soko, soko ndilo mkutano, mkutano ndio siasa. Ukilitia uzio moja, umeyatia uzio yote. Mwenye kuandika sera akiwa mezani huvigawa vitu ambavyo mwenye kuviishi hajawahi kuviona vimegawanyika.

Wiki iliyopita simu iliita tena. Safari hii alikuwa binti niliyemfundisha miaka ya karibuni, anakusudia kugombea udiwani katika kata nyingine ya jiji hili. "Shikamoo mwalimu. Naomba unisaidie kuandika vipaumbele." Nikamuuliza ni vipi. Akacheka kidogo, akasema: wafanyabiashara wadogo, michezo kwa vijana, na kuvutia makampuni.

Nilimwambia nitamsaidia, lakini kwanza aende na daftari tupu. Akae jioni tatu kwenye kiwanja cha kata yake, aandike kila anayekitumia na saa anayokitumia, toka wa alfajiri anayekata njia kwenda kituo cha daladala hadi wa usiku anayelala barazani. Aende halmashauri aulize orodha ya ushuru wa huduma. Aulize hati ya kiwanja iko wapi. Kisha kando ya kila kipaumbele, kabla ya gharama na kabla ya muda wa utekelezaji, apige mstari na kuandika safu moja zaidi, ambayo haimo katika fomu yoyote ya halmashauri niliyowahi kuiona: nani ataondoka, na ameulizwa?

Akanyamaza kidogo. "Mwalimu, hiyo itachukua muda mrefu."

Nikamwambia ndiyo, itachukua. Zile zangu nne zilichukua siku mbili.